Draiva ya feawei inayonyooka: kwa nini mkono wa nguvu za wastani unahitaji diski iliyoandikwa kuwa inapinda

Mchezaji wa gofu ya diski anayerusha mita 80 akiuliza draiva ya feawei ipi (yaani diski ya mitupo ya mbali, ila isiyodai kasi ya juu kabisa) inakwenda moja kwa moja, mara nyingi atajibiwa TeeBird ya kampuni ya Innova. Ni diski nzuri, na namba zake nne za mruko, ambazo nitazieleza mbele, zinavutia: 7, 5, 0, 2. Ile sifuri anaisoma kama ahadi kwamba diski haitapinda. Akifika uwanjani anakuta mengine. Diski inatoka mkononi safi, inasafiri mita 50 hivi, halafu inalalia kushoto na kuishia kwenye miti. Anaongeza nguvu, mkono unakakamaa, pua ya diski inanyanyuka, na diski inazidi kwenda kushoto.

Namba za diski ile ni za kweli, ila ziliandikwa kwa ajili ya mkono wenye kasi kuliko wake. Unyoofu unapatikana pale kasi ya mrushaji inapolingana na kasi ambayo diski ilitengenezwa kuipokea. Ndiyo maana, kwa mtu wa nguvu za wastani, draiva itakayonyooka ni ile ambayo kwa namba zake inasemekana hupinda. Ukilishika hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi sana, na utaokoa fedha nyingi.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: unacheza kama gofu ya kawaida, ila badala ya mpira na rungu unarusha diski kutoka kituo cha kurushia na kuhesabu mitupo hadi iingie kwenye kikapu cha minyororo. Mmarekani Ed Headrick, aliyebuni kikapu hicho, ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, jirani na Los Angeles. Leo viwanja vimetapakaa katika bustani za umma za Marekani, Ufini, Sweden, Norwe na Estonia, vingi bila kiingilio, na wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi huko wanaweza kuvikuta karibu na nyumbani.

Mwanzoni watu walirusha visahani vya kuchezea, vyenye ukingo wa mviringo. Mwaka 1983 Dave Dunipace wa Innova alileta Eagle, diski ya kwanza ya mchezo huu yenye ukingo uliochongwa ukawa na ncha. Ncha ile ilipasua hewa na umbali ukaongezeka. Lakini ilikuja na sharti ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: kadiri ukingo unavyokuwa mpana na mkali, ndivyo diski inavyodai kasi kubwa ili ifanye kilichoandikwa juu yake. Draiva za feawei zina ukingo wa kati ya sentimita 1.6 na 1.9 hivi. Draiva za masafa marefu, kama Destroyer, zinapita sentimita 2. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, kimeweka kikomo cha sentimita 2.6.

Sasa turudi kwenye namba nne. Ya kwanza ni kasi, na hapa wengi wanateleza, maana haielezi diski itakwenda kwa kasi gani bali inadai irushwe kwa kasi gani. Draiva za feawei ziko kati ya 6 na 8, na baadhi ya watu wanahesabu hata 9. Namba ya pili ni kuelea, yaani uwezo wa diski kubaki hewani. Ya tatu ni kupinda: kwa anayerusha bekihendi (mkono ukivuka kifua kabla ya kuachia) kwa mkono wa kulia, inaonyesha diski itavutwa kulia kiasi gani ikiwa bado ina kasi. Sifuri ni kidogo, -1 ni zaidi, -3 ni nyingi. Ya nne ni kurudi, yaani diski itavutwa kushoto kiasi gani ikishaishiwa kasi. Wa mkono wa kushoto, na anayerusha fohendi (mkono ukitokea ubavuni bila kuvuka kifua) kwa mkono wa kulia, wageuze pande. Diski inayokataa kupinda na kung'ang'ania kurudi nitaiita kaidi.

Jambo moja la kukumbuka kabla ya kuziamini: namba hizi zinapangwa na kila kampuni kivyake. PDGA inapima kipenyo, uzito, ukingo na mengine ya umbo, lakini haipimi jinsi diski inavyoruka. Kwa hiyo 7, 5, -1, 1 ya kiwanda kimoja na 7, 5, -1, 1 ya kiwanda kingine ni makadirio mawili ya watu wawili tofauti.

Kwa nini diski ipinde kulia kwanza, halafu irudi kushoto?

Bekihendi ya mkono wa kulia inaizungusha diski kufuata mwendo wa saa, ukiitazama kutoka juu. Hewa inaibeba, lakini nguvu hiyo ya kubeba haikai katikati kamili. Diski ikiwa na kasi kubwa, kitovu cha nguvu kinakuwa nyuma kidogo ya katikati, hivyo mkia unasukumwa juu. Kitu kisichozunguka kingeinamisha pua tu. Kinachozunguka kinajibu kwa namna nyingine, na yeyote aliyechezea pia utotoni, kile kichezeo kinachozunguka juu ya ncha yake, amewahi kuliona hili: ukiisukuma pia inayozunguka, haiangukii upande uliousukuma, inayumba kwa pembeni. Jibu linatokea robo ya mzunguko mbele. Msukumo uliogusa mkia unajitokeza ubavuni, upande wa kushoto unanyanyuka, na diski inalalia kulia.

Kasi ikipungua diski inaanza kushuka, na hewa inaigonga zaidi kutoka chini. Kitovu cha nguvu kinahamia mbele ya katikati, pua inasukumwa juu, na jibu linatokea tena robo ya mzunguko mbele: ubavu wa kulia unanyanyuka na diski inalalia kushoto. Diski tunayoiita nyoofu inapata misukumo hii yote miwili, ila kidogo kidogo na kwa vipimo vinavyokaribiana, hivyo ukiifuatilia kwa makini utaona inachora herufi S iliyonyooshwa sana.

Mrushaji wa nguvu za wastani anapoteza sehemu ya kwanza ya safari hiyo. Mtupo wa takriban kilomita 80 kwa saa ukitoka vizuri unafika mita 90 hivi, wakati wachezaji wakubwa wa kulipwa wanavuka kilomita 110 kwa saa. TeeBird kwa mkono wa pili ule inapata kasi ya kutosha kushikilia mstari kwa muda mrefu kabla ya kurudi. Kwa mkono wa kwanza, ule muda wa kasi kubwa ni mfupi au haupo kabisa. Kinachobaki ni nusu ya pili ya namba zake, ile 2 ya mwisho. Mtu anadhani ameshika diski ya 0 na 2, kumbe hewani anarusha kitu kama 0 na 3, na anaona kushoto tu.

Ninaposema nguvu za wastani namkusudia anayefika mita 75 hadi 95 mahali tambarare, bila upepo, kwa mtupo anaoweza kuurudia. Ukisimama kwenye mstari wa goli la mpira wa miguu ukarusha, na diski zako nyingi zikaanguka jirani na eneo la penalti la upande wa pili, wewe ni huyo. Kipimo ni mitupo mingi, usihesabu ule mmoja uliobebwa na upepo mwezi uliopita.

Kwa huyo, ninayoitaja kwanza ni Leopard, nayo ya Innova: 6, 5, -2, 1. Ile -2 inawatisha watu, wanaogopa itageuka kulia na kubingirika chini. Mkononi mwa mtu wa mita 110 aliyeiachia ikiwa bapa, hilo linaweza kutokea. Mkononi mwa mtu wa mita 80, -2 ile inatumika kidogo tu. Itazame inavyoruka: inatoka bapa, inakaa hivyo kwa nusu ya safari, karibu na mita 50 inasogea kulia kiasi cha hatua mbili au tatu, inaelea, kisha inarudi taratibu na kutua ikiwa karibu bapa, bila kukimbia ardhini. Huko kutua kwa upole ndiko ninakokupenda kuliko umbali wenyewe. Diski inayotua kwa ukingo wa kushoto inaruka na kuteleza mbali na mstari, na mtupo ulioonekana mzuri hewani unakuacha nyuma ya mti.

Baada ya Leopard kuna kundi la kupinda -1 na kurudi 1, ambalo ndilo kiini cha draiva nyoofu: FD ya Discmania (7, 6, -1, 1), River ya Latitude 64 (7, 7, -1, 1), Crave ya Axiom (6.5, 5, -1, 1). Tofauti zake kwa mtu wa mita 85 ziko zaidi kwenye kuelea. River, kwa ile 7 ya kuelea, inabaki hewani muda mrefu, na mkono mwepesi unapata mita za ziada bila kujilazimisha. Gharama yake ni upepo: kitu kinachoelea sana kinachukuliwa sana, na mtupo uliokwenda juu kidogo unaweza kupelekwa usikotaka. FD iko katikati, na kama ningelazimika kumchagulia diski moja mtu nisiyemjua, anayerusha mita 90, ningempa hiyo. Crave haina haraka, na inafaa sana kwenye njia fupi za msituni.

TL ya Innova, 7, 5, 0, 1, ni ndugu wa TeeBird aliyepunguziwa kurudi. Inamfaa aliye ukingoni mwa juu, mita 95 na kuendelea, ambaye Leopard imeanza kumpinda kuliko anavyotaka. TeeBird yenyewe usiitupe, ina kazi yake: upepo wa mbele, na njia zinazokunja kushoto mwishoni. Firebird, 9, 3, 0, 4, haina nafasi kabisa katika mazungumzo ya unyoofu.

Kuna kishawishi cha kupanda kasi: kuchukua diski ya 9 inayopinda sana, kama Sidewinder (9, 5, -3, 1) au Roadrunner (9, 5, -4, 1), kwa hoja kwamba kama nguvu ni ndogo basi kupinda kwingi kutafidia. Umbali utaupata, sikatai. Lakini S yake ni pana. Inakwenda kulia kweli kweli kisha inarudi, na katikati ya safari diski iko mbali na mstari. Uwanja wa wazi unavumilia hilo. Msituni, kama kwenye viwanja vya Ufini au vya Charlotte kule North Carolina, njia ni ukanda mwembamba wa miti huku na huku. Piga hesabu: diski ikikosea nyuzi 5 tu, kwa mita 80 inakuwa imetoka mita 7 nje ya mstari. Ukikosea nyuzi 3, ni zaidi ya mita 4. Katika njia ya upana wa mita 6, ya kwanza na ya pili zote zimegonga mti. Ukingo mpana pia unafanya kosa dogo la kuachia lionekane kubwa, na ndiyo maana ninawashauri watu wa nguvu za wastani wabaki kwenye 6 na 7.

Aliye chini ya mita 70 nitamwambia wazi: bado hauhitaji draiva. Diski za masafa ya kati, kama Buzzz ya Discraft (5, 4, -1, 1) au Mako3 ya Innova (5, 5, 0, 0), zitakupa unyoofu zaidi, na umbali utapungua mita chache tu. Pima mwenyewe. Kama draiva haiipiti diski yako ya masafa ya kati kwa angalau mita 10, haijaanza kukufanyia kazi.

Plastiki inabadilisha mambo kuliko wengi wanavyodhani. Innova, kwa mfano, inatengeneza Leopard ya DX, plastiki ya bei nafuu inayoshika vizuri mkononi lakini inachubuka haraka, na ya Champion au Star, zinazodumu. Umbo ni moja, mruko si mmoja. Champion mpya mara nyingi ni kaidi zaidi, na ya DX inapinda zaidi kila inapogonga miti, maana ukingo unapigwa na kulainika. Kwa mtu wa mita 80 hii ni habari njema. DX ya Leopard ikiwa mpya inamnyookea, na baada ya msimu wa vigongo inageuka kuwa diski ya kupinda kulia kwa makusudi, ambayo nayo anaihitaji. Anayependa diski isiyobadilika anunue Star na avumilie ukaidi kidogo mwanzoni.

Kabla ya kulipa, ishike. Iweke juu ya kaunta ikiwa imelala kifudifudi, uinamishe jicho hadi usawa wa kaunta. Utaona mstari mwembamba unaozunguka ukingo, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Linganisha diski mbili za jina moja na plastiki moja: ile ambayo mstari wake uko juu zaidi kutoka kaunta itakuwa kaidi zaidi, na ile ambayo mstari uko chini itapinda kwa urahisi. Tofauti ni ya unene wa kucha, lakini hewani inaonekana. Kisha utazame mgongo. Uliobenuka unaelea zaidi, ulio bapa unapita chini ya upepo na kuanguka mapema. Kwa kutafuta unyoofu wenye mkono wa wastani, chagua ya mstari wa chini na mgongo wa kubenuka kiasi.

Uzito nao. Kanuni inaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa hiyo draiva ya sentimita 21.1 inafika gramu 175. Diski nyepesi ni rahisi kuipa kasi na inapinda zaidi. Gramu 165 hadi 170 zinatosha kabisa kwa mtu tunayemzungumzia, na kama umeshanunua TeeBird na hutaki kununua nyingine, ya gramu 160 na kitu itakusogeza karibu na unyoofu kuliko ya 175.

Hakuna diski itakayoponya pua iliyonyanyuka. Hili nalisisitiza kwa sababu naona watu wakinunua draiva ya tatu na ya nne wakati tatizo liko kwenye kifundo cha mkono. Diski ikitoka pua juu, inapanda, inasimama hewani, inaishiwa kasi na kudondokea kushoto, hata iwe Leopard iliyochakaa. Dalili yake ni umbo la safari: inapanda mwishoni badala ya katikati. Dawa ni kukiinamisha kifundo kidogo kuelekea upande wa kidole cha mwisho unaposhika, ili bamba la diski lilingane na mfupa wa mkono wa chini, na kurusha kwa urefu wa kichwa au juu yake kidogo tu.

Nenda kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla upepo haujaamka. Simama kwenye kona, tumia mstari wa pembeni kama rula. Chukua diski unayoijaribu pamoja na Buzzz au nyingine ya masafa ya kati unayoiamini, urushe kwa kupokezana, huku simu ikirekodi kutoka nyuma yako. Theluthi ya mwisho ya safari ndiyo ya kuangalia, maana mita 40 za kwanza karibu kila diski inaonekana nyoofu. Kama zote mbili zinakwenda kulia, diski hazina hatia: unaachia ukingo wa nje ukiwa juu, na itabidi urekebishe hilo kwanza. Kama ya masafa ya kati inanyooka na draiva inaangukia kushoto, draiva ni kaidi kwako, shuka kwenye -1 au -2. Kama ya kati inanyooka na draiva inakwenda kulia bila kurudi, jaribu kuiachia ukingo wa nje ukiwa chini kidogo, mwinamo wanaouita haiza, nyuzi 10 hivi. Diski ya -2 itajiinua yenyewe hadi ikawa bapa na kuendelea mbele. Huo ndio mtupo mnyoofu kuliko yote unaoweza kuupata na draiva, na hauwezekani na TeeBird mkononi mwa mtu wa mita 80, kwa kuwa haina kasi ya kuinuka.

Upepo wa mbele unaifanya hewa ipite juu ya diski kwa kasi zaidi, hivyo kupinda kunaongezeka. Siku hiyo Leopard yako itakwenda kulia, na TeeBird iliyokuwa ikikuudhi itanyooka. Upepo wa nyuma unafanya kinyume, kila diski inakuwa kaidi na inaanguka mapema, na hapo ndipo -2 inapolipa. Mwinuko wa nchi unafanana na upepo wa nyuma: Denver, iliyo mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyembamba, na draiva iliyonyooka pwani itarudi kushoto mapema kule. Wa fohendi wasogee hatua moja kuelekea ukaidi, FD badala ya Leopard au TL badala ya FD, kwa sababu fohendi za wengi zinatoka na mzunguko mdogo na mtikisiko, na diski isiyo kaidi haivumilii mtikisiko.

Mkono utakua. Siku Leopard uliyoizoea ikianza kupinda kulia hata ukiiachia vizuri, na Buzzz bado inanyooka, umevuka kasi yake. Iweke kwenye mkoba kwa ajili ya njia zinazokunja kulia na kwa mitupo ya haiza, ununue FD au TL ya plastiki inayodumu, na uijaribu asubuhi moja kwenye ule mstari wa pembeni kabla ya kuipeleka msituni.